Kwa Nini Hawahami?

Baba wa familia katika filamu ya Poltergeist, iliyotoka mwaka 1982, ni muuza nyumba. Anauza mtaa uleule anaoishi: Cuesta Verde, California, nyumba mpya zilizopangwa safu kwa safu, nyasi zimekatwa vizuri, kila sebule na runinga yake. Yeye ndiye muuzaji hodari kuliko wote katika kampuni. Kisha viti vinaanza kusogea vyenyewe, na binti yake mdogo anatoweka humohumo ndani, sauti yake ikisikika kutoka kwenye runinga. Mwishoni majeneza yanafumuka kutoka shimo la bwawa la kuogelea, na ndipo ukweli unapojulikana. Mtaa ulijengwa juu ya makaburi. Mkubwa wa kampuni alihamisha mawe yenye majina ya marehemu, maiti akaziacha zilipo, akajenga juu yake na kuanza kupokea malipo.

Filamu hiyo iliongozwa na Tobe Hooper kutokana na hadithi ya Steven Spielberg, na dunia nzima imeitazama kama hadithi ya mizimu. Mtu wa Ruiru, nchini Kenya, ana sababu ya kuitazama kama hadithi ya ardhi.

Panda matatu kutoka Nairobi ya kwenda Thika, uipite Githurai, na majina ya vituo yatakusimulia yaliyokuwapo: Kahawa Wendani, Kahawa Sukari. Huku kote kulikuwa mashamba ya kahawa ya walowezi. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko Ruiru hadi leo, na kilipotoa mbegu inayostahimili magonjwa mwaka 1985, mbegu ile iliitwa Ruiru 11. Lakini mikahawa imeng'olewa ekari kwa ekari. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa Novemba 2012, safari ya kwenda mjini ikawa fupi, na ploti za futi hamsini kwa mia zikaanza kuuzwa mpaka mabondeni. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 370,000 katika kaunti ndogo ya Ruiru peke yake. Mawe ya kuwajengea yanakatwa hapo jirani, kwenye timbo za Ndarugo, upande wa Juja, na malori huyapakia tangu alfajiri.

Anayekuja kuonyeshwa ploti ana maswali yake, na ni maswali ya mtu mwenye busara. Maji yapo? Stima imefika? Barabara ya lami iko umbali gani? Hati iko tayari? Swali moja huwa halimo: hapa aliishi nani, na aliondokaje? Filamu ya nyumba yenye mizimu huanza na swali hilo, na huliuliza kwa niaba ya mnunuzi ambaye hakuliuliza mwenyewe.

Ukiwa umewahi kutazama filamu ya aina hii katika kibanda cha video, iwe Makongeni au Kiandutu kule Thika, unajua kwamba watazamaji hawakai kimya. Mlango unafunguka wenyewe, mama aliye kwenye skrini anachukua taa na kwenda kuchungulia, na benchi zima linampigia kelele: toka humo! Hama! Mzungu huyu kwa nini hahami? Wapo wanaoichukulia kelele hiyo kuwa ushamba wa watu wasiojua sinema. Mimi naiona kuwa uhakiki mkali kuliko mwingi niliousoma magazetini, kwa sababu inagusa mfupa wa hadithi zote za aina hii. Mzimu ni rahisi kuubuni. Kazi ngumu ya mwandishi ni kueleza kwa nini watu wenye akili timamu wanaendelea kulala ndani ya nyumba inayowatesa. Jibu atakalotoa litakuonyesha jamii yake inaogopa nini hasa.

Chukua The Amityville Horror ya mwaka 1979. Nyumba ni ya kweli. Usiku wa tarehe 13 Novemba 1974, katika mji wa Amityville jimboni New York, kijana aitwaye Ronald DeFeo aliwaua kwa bunduki wazazi wake na ndugu zake wanne. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, familia ya Lutz iliinunua nyumba hiyo kwa bei ya chini, ikakaa siku 28, ikakimbia na kuacha vitu vyake. Wengi walikuja kuyatilia shaka waliyosimulia Lutz kuhusu mashetani. Mauaji ya DeFeo hayana shaka. Stephen King, katika kitabu chake Danse Macabre cha mwaka 1981, aliandika kwamba kinachotisha katika filamu ile ni pesa: mume na mke wametia kila walicho nacho katika nyumba, na nyumba inawafilisi huku wakitazama. Hawahami kwa sababu wamenunua. Mtu aliyechukua mkopo wa chama cha akiba na mikopo ili ajenge Kimbo au Membley hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Angalau siku zile 28 atazielewa vizuri zaidi kuliko mtazamaji wa New York, maana yeye asingepata pa kukimbilia hata siku ya 29.

Wazee wa Agikuyu walikuwa na jibu la moja kwa moja kwa kelele ya kibandani: walihama. Zamani, kabla ya wamisionari na serikali ya kikoloni kuhimiza kila mtu azikwe, waliochimbiwa kaburi walikuwa wachache, hasa wazee wenye mali na heshima. Mgonjwa aliyekuwa mahututi alitolewa nje, akapelekwa porini na kuwashiwa moto pembeni, ili kifo kisimkute chini ya paa. Sheria hiyo inaonekana ya kikatili kwetu leo, na bila shaka iliwaumiza wengi. Lakini ilitokana na imani thabiti kuhusu nyumba. Mauti yakimkuta mtu ndani, nyumba hubeba thahu, unajisi unaowadhuru walio hai, na nyumba ya namna hiyo haikusafishwa kwa fagio. Iliachwa ianguke au ikachomwa, na watu wakajenga kwingine. Miti ilikuwapo, nyasi zilikuwapo, udongo ulikuwapo, na majirani walikuja kusaidia kazi.

Kwa hiyo nyumba yenye mizimu, kama tuijuavyo katika sinema, isingeweza kuota mizizi katika mabonde ya mito ya Chania na Ndarugo wakati huo. Inahitaji nyumba inayodumu kuliko waliomo. Inahitaji mawe, kufuli, na karatasi inayosema kwamba hapa ni pako hata kama hapakutaki. Pwani walikuwa na nyumba za mawe karne nyingi kabla yetu, na ndiyo maana hadithi zao za majengo ni za kale kuliko zetu. Katika magofu ya Gedi karibu na Malindi, wenyeji waliamini kwamba wazee wa mji ule bado wanalinda, na atakayeondoka na kitu chao atapatwa na balaa. Unguja kuna Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 lililoko Shangani, ambalo masimulizi yanasema kuta zake zilijengwa juu ya watumwa waliozikwa hai. Leo ni sehemu ya hoteli ya kifahari. Sisi wa bara mawe tuliletewa, na yalikuja pamoja na mambo mengine.

Thika ilianza hivyo. Hoteli ya Blue Posts ilifunguliwa mwaka 1908 kati ya maporomoko ya Chania na Thika, ili walowezi wapate pa kupumzika njiani. Upande wa Juja alikuwapo William Northrup McMillan, tajiri Mmarekani wa St. Louis, aliyemiliki ardhi isiyoonekana mwisho wake na kumkaribisha Theodore Roosevelt nyumbani kwake mwaka 1909. Elspeth Huxley aliletwa Thika akiwa mtoto, wazazi wake wakitaka kulima kahawa, na kumbukumbu zake akazichapisha mwaka 1959 katika The Flame Trees of Thika, kitabu kilichogeuzwa mfululizo wa runinga ya Uingereza mwaka 1981. Ni kitabu kilichoandikwa kwa jicho zuri na kwa mapenzi. Hata hivyo, ukikisoma ukitafuta ni nani aliyekuwa amelala pale kabla ya nyumba ya familia ile kusimama, utapata vivuli.

McMillan alifariki mwaka 1925 na kuzikwa kwenye mlima Ol Donyo Sabuk, ule ambao watu wa Thika wanauita Kilimambogo. Inasimuliwa kwamba alitaka kulala kileleni, lakini gari lililobeba jeneza likashindwa na mlima, akazikwa njiani. Kaburi lake lina jiwe, jina na tarehe, na watalii wanaonyeshwa. Nyumba yake ya mawe iliyo upande ule wa mlima inaitwa kasri, na vijana wanaokwenda kupiga picha pale hurudi na hadithi za sauti na vyumba vya chini.

Sasa tazama upande wa pili. Gereza la Kamiti liko kilomita chache kutoka Ruiru. Alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni, alinyongwa humo na kuzikwa katika kaburi lisilo na alama. Mwanahistoria David Anderson, aliyepekua majalada ya kesi za wakati ule, alihesabu watu 1,090 walionyongwa kwa hukumu zilizohusu Mau Mau. Mjane wa Kimathi, Mukami, aliomba mabaki ya mumewe kwa serikali moja baada ya nyingine tangu uhuru. Aliaga dunia Mei 2023 bila kumzika. Katika Poltergeist mawe yaliondolewa na maiti zikabaki. Kamiti mawe hayakuwekwa tangu mwanzo, na hakuna mwandishi wa filamu ambaye angeweza kubuni jambo zito kuliko hilo.

Hata karatasi tunayoitegemea ina historia yake. Hati nyingi za ardhi ya Kiambu, Murang'a na Nyeri zina mizizi katika mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, ambapo vipande vya ardhi viliunganishwa, vikapimwa na kuandikishwa kwa majina ya watu binafsi. Mwaka huohuo zaidi ya Wagikuyu milioni moja walianza kuhamishiwa kwa nguvu katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miba, na makumi ya maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini. Mtu aliporudi kutoka kambini alikuta mpaka umesogezwa na jirani aliyekuwa upande wa serikali ana hati. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema kwamba kwetu hakuna hadithi za nyumba zenye giza, hushangaa anazitafuta wapi. Ziko kwenye rejista ya ardhi.

Wakati wa ukoloni watu wa mijini walikuwa na hadithi yao ya jengo la kuogofya, nayo haikuhusu ngome wala kasri. Ilihusu stesheni ya wazimamoto. Nairobi, Kampala, Mombasa na Dar es Salaam, ilisemekana kwamba watu waliovaa sare na kuendesha magari mekundu walikuwa wakiwakamata Waafrika usiku, kuwatia mashimoni na kuwanyonya damu. Pwani waliitwa mumiani. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo na kuyachapisha mwaka 2000 katika kitabu Speaking with Vampires. Wazee wa Nairobi walimweleza kuhusu mashimo yaliyofichwa ndani ya majengo, hata chini ya vyumba vya kawaida vya mjini, ambamo mtu aliingia akatumbukia. White hakuwacheka. Alielewa kwamba mtu anayeishi chini ya serikali inayochukua ardhi yake, kodi yake na nguvu za mikono yake ana sababu ya kuzungumza habari za damu. Ningempa mtengenezaji filamu yeyote wa Kenya kitabu hicho kabla ya kumpa kamera.

Tulipopata filamu zetu za kutisha, tulizipokea kutoka Nigeria kwanza. Living in Bondage ya mwaka 1992 ndiyo iliyofungua mlango: Andy anamtoa mkewe kafara ili atajirike, na mzimu wa mke unamfuata kila aendako. Tanzania ilijibu kwa njia yake, Mussa Banzi akatoa Nsyuka na baadaye, mwaka 2005, Shumileta. Wengi hudharau filamu hizo kwa sauti mbovu na damu ya rangi, na kweli kasoro zipo. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo Wamarekani hawakuliona. Ukiacha Poltergeist na chache nyingine, katika filamu zao nyumba inayotisha ni kuukuu, ina vumbi na mlango unaolia. Katika filamu za Nollywood ni mpya. Ina vigae vinavyong'aa, ngazi ya kuzunguka, gari la bei kubwa geti likifunguliwa, na chumba kimoja ambacho mke haruhusiwi kuingia. Swali lake ni: pesa hizi zimetoka wapi?

Ruiru inayo maswali yote mawili, la nyumba kuukuu na la nyumba mpya, katika ploti ileile. Hilo ndilo jambo ninalolishikilia hapa, na sijui mji mwingine Afrika Mashariki unaostahili filamu ya namna hii kuliko huo. Gorofa inaweza kuwa na umri wa mwaka mmoja, na ardhi iliyo chini yake ikawa na wenyewe watatu wasiowahi kuketi meza moja.

Serikali nayo ilijua kutumia woga. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti yake iliwekwa hadharani mwaka 1999, na shule za mabweni zikatajwa kuwa mahali shetani anapovua vijana. Wanafunzi wa enzi hiyo wanakumbuka jinsi kila mlio wa usiku bwenini ulivyogeuka ushahidi.

Wakati huo huo katikati ya Nairobi lilikuwapo jengo ambalo halikuhitaji tume ya shetani. Nyayo House ilimalizwa miaka ya mwanzo ya 1980, mnara wa ofisi za serikali, na chini yake vikajengwa vyumba vidogo visivyo na mwanga. Kuanzia mwaka 1986, polisi walipokuwa wakiwasaka walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali, walimu, wanafunzi, mawakili na wafanyabiashara waliletwa humo wakiwa wamefungwa macho. Walivuliwa nguo, wakafungiwa katika seli zilizojazwa maji, wakakaa siku wasijue mchana wala usiku, kisha wakapandishwa kwa lifti hadi orofa za juu kuhojiwa na kupigwa. Peter Njenga Karanja, mfanyabiashara wa Nakuru, alifariki mwaka 1987 baada ya kupitia mikono hiyo. Seli zilionyeshwa umma Februari 2003, Moi alipokuwa ameondoka madarakani, na tangu mwaka 2010 Mahakama Kuu imewapa fidia baadhi ya walionusurika.

Juu ya seli hizo wananchi walipiga foleni kuomba pasipoti. Wanapiga hadi leo. Robert Wise alipoongoza The Haunting mwaka 1963, hakuonyesha mzimu hata mmoja. Aliwaweka waigizaji chumbani na kuwasikilizisha kishindo kikija ukutani. Mbinu hiyo inasifiwa vyuoni, na inastahili. Waliokuwa Nyayo House walijua kwa miili yao kwamba kinachovunja mtu ni kusikia kinachotendwa kwa mwingine nyuma ya ukuta. Sauti peke yake inatosha kutengeneza filamu ya jengo lile, bila tone la damu kwenye skrini.

Nenda Nyeri, na utakuta wanafunzi wakisoma ndani ya historia ya namna hiyo. Shule ya Mweru ilikuwa kambi ya kazi ya kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, na Kangubiri, shule ya wasichana, ilikuwa kambi ya Aguthi. Baadhi ya majengo ya kambi yalibaki pale yalipokuwa. Kikundi cha vijana wa Kenya na Uingereza kinachoitwa Museum of British Colonialism kimezipima kambi hizo na kuzichora upya kwa kompyuta ili watu waone zilivyokuwa. Wanafunzi wa Mweru na Kangubiri hawahami, maana shule ndiyo njia yao ya maisha, na hawapaswi kuhama. Wanachostahili ni kuambiwa. Hadithi za mizuka za mabwenini mara nyingi huzaliwa na watoto wanaohisi kwamba mahali pana siri na hakuna mtu mzima aliye tayari kuitamka.

Filamu mbili zimenionyesha kwamba hadithi ya nyumba yenye mizimu inaweza kuitamka siri ya namna hiyo. Ya kwanza ni Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, iliyopata tuzo ya wahakiki wa kimataifa kwenye tamasha la Toronto. Kaleche, anayeigizwa na Nyokabi Gethaiga, anazinduka nyikani akiwa na vazi la hospitali, hakumbuki chochote, anatembea mpaka kwenye loji. Anapokelewa vizuri. Kuna chakula, michezo, bwawa la kuogelea. Thoma, anayeigizwa na Elsaphan Njora, anamwambia kwa upole kwamba amekufa, kama walivyokufa wote waliomo. Hakuna aondokaye mpaka akubali alichofanya au alichofanyiwa. Miongoni mwao yumo kasisi anayebeba hatia iliyotokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100. Masya aliichukua loji, mahali tunapopeleka wageni na kuwapigia ngoma, akaifanya nyumba ya maungamo. Hakuna kelele wala mlango unaolia, na ninaihesabu kuwa filamu bora ya aina hii iliyotoka Kenya. Ndani yake jibu la kwa nini hawahami ni kwamba hawajasema ukweli.

Ya pili ni His House ya Remi Weekes, iliyotoka mwaka 2020. Bol na Rial wametoroka vita Sudan Kusini, bahari imewanyang'anya msichana waliyekuwa naye, na serikali ya Uingereza imewapa nyumba chakavu kwa masharti: wasihame, wasifanye kazi, wasilete matatizo. Ukuta unaanza kunong'ona. Afisa akiambiwa, atawarudisha walikotoka. Hapa sheria ndiyo inayofunga mlango. Kisha tunagundua kwamba kilichowafuata mpaka Ulaya ni deni: msichana yule hakuwa wao, na namna walivyompata ni jambo ambalo Bol hawezi kulitazama. Nimeshawahi kuulizwa ni filamu ipi ya nyumba yenye mizimu Mwafrika aanze nayo, na jibu langu ni hii, kwa sababu mwisho wake una ujasiri. Bol na Rial wanaamua kukaa, na wafu wao wanakaa nao sebuleni, wakiwa wametambuliwa.

Ninaiwaza filamu ya Ruiru mara nyingi. Mume na mke wamemaliza nyumba ya mawe ya Ndarugo kwenye ploti iliyokuwa shamba la mlowezi, rangi haijakauka vizuri na mkopo una miaka kumi na mitano mbele. Wanamleta shosho, yaani bibi, kutoka Gatundu aje awabarikie nyumba. Anashuka kwenye gari, anatazama kona ya mto, anauliza mugumo, mti mtakatifu wa Agikuyu uliokuwa pale, ulikatwa lini. Alichuma kahawa hapa akiwa msichana. Anabariki chakula, lakini usiku ukiingia anakataa kulala ndani, na hasemi kwa nini. Wajukuu wanafikiri ni uzee. Mtazamaji wa kibandani atakuwa ameshaelewa, na atakuwa anampigia kelele mume: mwulize! Sihitaji jini lolote litokee. Nahitaji kamera ibaki usoni mwa shosho mpaka aamue kuzungumza, na nahitaji mwandishi aliyefanya utafiti wa kutosha kujua atasema nini.

Utafiti huo ndio unaokosekana, na hauhitaji fedha za Toronto wala Netflix. Kamera iliyo kwenye simu ya mwanafunzi yeyote pale Juja inatosha kuanzia. Majalada yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, yalijitokeza mwaka 2011 katika kesi ya wazee wa Mau Mau, na Juni 2013 serikali ya Uingereza ikaonyesha majuto na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Mengi sasa yanasomeka. Yasiyosomeka yako vichwani mwa watu.

Msichana aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1954 amevuka miaka themanini. Wengi wa rika lake wanaoishi kati ya Ruiru, Gatundu na Thika wana wajukuu wanaosomea filamu, uandishi wa habari au historia. Kwenu wajukuu hao ninaomba jambo moja: kabla hamjaandika filamu nyingine ya nyumba ya kale ya kizungu yenye popo na mishumaa, keteni na shosho zenu mwaka huu, washeni kinasa sauti, na muwaulize ni wapi wasipopenda kupita.